Kiswahili cha Kuuliza Darasani

Ukipita barabara za Manika mchana, watoto wakiwa wametoka shule, utamkuta mtoto wa miaka saba akisukuma motokari aliyoiunda mwenyewe kwa waya. Magurudumu ameyakata kwenye viatu vya mpira vilivyochakaa. Usukani ni waya mrefu unaofika mkononi mwake. Kona ikimshinda, anasimama, anakunja upya, anajaribu tena. Kesho yake mtoto huyohuyo anakaa kwenye benchi la mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, akirudia kwa sauti maneno ya Kifaransa yaliyo ubaoni. Motokari hairuhusiwi kuingia.

Maoni yangu ni kwamba iingie. Miradi midogo ya kuunda vitu ianze mwaka wa kwanza na wa pili, tena ifanyike kwa Kiswahili ambacho mtoto anakisema nyumbani. Na sisi wa kitivo cha lugha tusidhani jambo hili ni la wahandisi peke yao.

Najua wapo watakaoshtuka. Shule ya wakati wa ukoloni iliwapa watoto wa Kiafrika kazi nyingi za mikono, na nia haikuwa kuwafanya wavumbuzi. Lugha nayo ilitumika hivyo. Kiswahili kilifika Katanga kabla ya Union Minière, pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19, lakini kambi za kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1906, zilikifanya lugha ya kazi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, *Language and Colonial Power*, anaonyesha jinsi vijitabu vya maneno vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu vilivyojaa vitenzi vya kuamrisha: leta, beba, chimba. Mfanyakazi alihitajika kuelewa amri. Swali lake halikuwa na nafasi.

Kwa hiyo hofu hiyo ina msingi, nami naiheshimu. Lakini tofauti kati ya kazi ya kutumwa na mradi iko katika swali. Chukua mfano wa daraja. Wakati wa mvua kila mtoto wa hapa anaujua mfereji usiovukika. Mwalimu anaweka vitabu viwili mbali kidogo, anawapa watoto katoni, vijiti na kamba, anawaambia watengeneze njia ambayo jiwe moja litakaa juu yake bila kuanguka. La kwanza litaanguka. Hapo ndipo somo linapoanza: juu ya nini limeanguka? Limevunjikia wapi? Tukikunja katoni itakuwaje? Mtoto anayejibu maswali hayo anatumia sababu, sharti na ulinganisho, yaani sarufi ambayo hakuna amri inayoweza kumfundisha.

Wengine watasema madarasa yamefurika, hasa tangu shule ya msingi ya serikali ifanywe bure mwaka 2019. Ni kweli, na mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto anastahili kuhurumiwa kabla ya kushauriwa. Ndiyo maana sipendekezi vifaa vya kununua wala somo jipya. Napendekeza saa moja kwa juma, vikundi vya watoto watano au sita, na takataka safi za nyumbani.

Wazazi nao wanataka Kifaransa. Wana haki, maana ndicho kinachofungua ofisi. Ila mtoto aliyeeleza kwa lugha yake kwa nini daraja limeanguka atakuwa na jambo la kusema Kifaransa kikifika. Aliyekariri tu atakuwa na maneno matupu. Tena sheria iko upande wetu: sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, si somo tu.

Kinachokosekana ni maneno, na hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mwalimu akitaka kutaja kile chuma kinachoshika magurudumu mawili, anakimbilia Kifaransa, au anafungua kamusi ya Kiswahili iliyochapwa mbali na hapa na kukuta neno ambalo hakuna mtoto wa Kolwezi aliyewahi kulisikia. Lakini mafundi wa kinga, wachomeleaji na watengeneza motokari wa mtaani wanazungumza habari za vitu hivyo kutwa nzima. Inafaa twende kuwasikiliza kwa daftari mkononi.

Napendekeza basi kwamba wanafunzi wachache wanaoandika kazi ya mwisho wa masomo mwaka huu wapewe mada hiyo: kukusanya kwa mafundi na kwa watoto wenyewe maneno 100 ya kuunda, kupima na kurekebisha, kisha kuyapeleka kwa walimu wa miaka miwili ya kwanza wayajaribu. Walimu watatuambia yapi yanafaa.

Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake inatoka katika udongo wa mkoa huu. Inakwenda kwenye betri ambazo wengine wanazibuni. Saa moja ya katoni na vijiti haitabadilisha hilo kesho. Lakini mtoto asiyeruhusiwa kuuliza akiwa na miaka saba, tusitegemee abuni chochote akiwa na ishirini na saba.