Dagaa wa Kigoma na hawa wetu

Mwandishi wa makala ya dagaa, umewachanganya dagaa wa maziwa mawili. Wale wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, ndio ndugu wa dagaa wa baharini. Hawa wa Ziwa Victoria, tunaowala huku Geita na Shinyanga, ni wa upande wa ningu. Wote tumewapa jina moja kwa sababu ya udogo tu!

Halafu umesahau mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: zamani karabai, siku hizi za sola. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanapumzika, na sisi huku machimboni tunaona kipimo cha sado kikipanda bei.

Kuhusu mchanga kwenye dagaa wanaoanikwa chini, hapo nakuunga mkono. Nimewahi kununua sado nzima sokoni, nikaosha maji manne, na bado ugali ukawa unasaga meno. Mchimbaji anashinda na mchanga kutwa, jioni tena aukute kwenye sahani? Wanaoanika juu ya chanja wanauza ghali kidogo, lakini dagaa wao ni safi. Wauzaji wa Geita mjini, tuleteeni hao wa chanja.