Mwizi Si Dada wa Steshenari

Ukitoka kwenye duka la steshenari hapa Arua Hill, Uganda, umeshika karatasi zako mbili, hukosi mtu wa kukwambia, "Nunua printa yako, uache kuwatajirisha hawa wezi." Nimeyasikia maneno haya kwenye stendi ya boda na kwenye chumba cha walimu. Ni uongo, na unawala watu wenye kipato kidogo.

Mimi niliuamini. Shule zilipofungwa mwaka 2020 na madarasa mengine yakakaa nyumbani mpaka Januari 2022, nilinunua printa ya wino kwa shilingi 250,000 ili wanangu wapate mazoezi ya kufanya. Kila ukurasa niliuandika kwenye daftari. Kwa miezi 18 nilichapa kurasa 214. Katriji, nyeusi na ya rangi, nilizibadilisha mara mbili, kila mara shilingi 125,000. Rimu ya karatasi, 20,000. Jumla ni 520,000, yaani zaidi ya shilingi 2,400 kwa ukurasa mmoja. Dukani ukurasa ni 500. Kurasa zile zile 214 zingenigharimu 107,000.

Wino wenyewe ulikwenda wapi? Kichwa cha printa ya wino kina matundu membamba kuliko unywele. Ukiizima mashine vizuri, kichwa hurudi mahali pake kikafunikwa. Umeme ukikatika ghafla kinabaki wazi, na wino unakaukia kwenye matundu. Umeme ukirudi, mashine inajisafisha kwa kuvuta wino mzima na kuumwaga tumboni mwake. Yangu ilipokufa niliifungua kwa bisibisi. Chini kabisa nilikuta pedi nene, nyeusi tititi, imelowa mpaka inachuruzika. Nilisimama nayo mkononi nikiona uchungu: zile ni pesa nilizokuwa nazitoa kwenye matumizi ya nyumba.

Na umeme wetu tunaujua. Miaka ile sehemu kubwa ya eneo letu la West Nile iliegemea bwawa la Nyagak, la megawati 3.5, pamoja na jenereta. Gridi ya taifa ilitufikia mwaka 2024. Tena idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye boksi la katriji hupimwa mashine ikichapa mfululizo, si printa inayolala wiki mbili juu ya kabati ikiamshwa kwa cheti kimoja.

Dada wa dukani anachapia tona. Tona ni unga, haukauki hata mashine ikilala mwezi mzima. Yake hailali. Vivyo hivyo kwenye maduka ya mji wa Koboko: mfanyabiashara anayekwenda mpakani Oraba anachapa karatasi zake asubuhi, anarudufu nakala, anaondoka. Mashine hujilipa kwa wingi wa kazi, na nyumbani kwangu kazi hiyo haipo.

Kuna watakaosema ninunue printa ya tanki la wino. Wino wake ni nafuu kweli, ila mashine niliyotajiwa ilikuwa 700,000. Pesa hiyo ni kurasa 1,400 dukani, na kwa mwendo wangu wa kurasa 12 kwa mwezi ningezimaliza kwa karibu miaka kumi. Hapo kichwa chake nacho kinakauka kisipofanya kazi. Shule inayochapa mitihani kila muhula inunue, tena ya tona. Nyumba ya mwalimu, hapana.

Hoja moja tu ya wapenda printa naiheshimu: siri. Barua ya hospitali au nakala ya kitambulisho cha taifa ikibaki kwenye kompyuta ya duka, mtu mwingine anaweza kuitumia. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini sheria haikai pale kaunta. Kaa wewe. Mwombe dada afute faili mbele ya macho yako, afute na kwenye pipa la taka la kompyuta, ndipo uchomoe flashi yako. Mimi hufanya hivyo kila mara, na hajawahi kuninunia.