Si Msiba, Si Hospitali

Kwetu Ushetu, mume na mke waliozeeka pamoja wakionekana kituo cha basi na begi, swali huwa moja: nani amefariki? Akikosekana marehemu, basi yupo mgonjwa anayepelekwa Kahama au Bugando. Sababu ya tatu haipo. Mzee akijibu kwamba yeye na mkewe wanakwenda kutembea tu, waone nchi, jioni hiyohiyo watoto wake hupigiwa simu waje kumzuia asimalize pensheni.

Mawazo haya nayapinga waziwazi. Wenye kuyashikilia husema utalii ni kazi ya Wazungu. Hivi macho ya Mzungu ndiyo yaliyoumbwa kutazama dunia, na yetu yakaumbwa kutazama jembe? Mtu akiuza tumbaku akatoa laki tatu kwa harusi ya mtoto wa binamu, husifiwa. Akiitumia fedha hiyohiyo kumwonesha mkewe ziwa, ati ni mbadhirifu!

Mimi na mke wangu tulikwenda Naivasha, Kenya. Basi la kutoka Mwanza lilitushusha Mai Mahiu, tukapanda matatu. Mji ule uko kando ya ziwa, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi si ya mchezo. Tuliona viboko. Tukaambiwa ziwa halina mto unaotoka, na bado maji yake hayana chumvi, kwa kuwa sehemu yake hupenya chini kwa chini na kwenda zake.

Mchana tuliingia katika hifadhi ambayo wageni waliipa jina la Hell's Gate, yaani lango la jehanamu. Ilitangazwa mwaka 1984, nayo huruhusu watu kutembea kwa miguu au baiskeli katikati ya punda milia. Sisi, kwa hali ya magoti yetu, tulikodi teksi. Ipo nguzo ya mwamba iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyezuiwa na Wamasai sehemu zile mwaka 1883. Wamasai wenyewe wanasimulia kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama kwao, akawa jiwe. Mke wangu alisema hadithi hiyo ina maana kuliko jina la mtu aliyerudishwa njiani, nami sikuwa na hoja ya kumpinga.

Kisha tukaona mvuke wa Olkaria. Mke wangu amekausha tumbaku miaka mingi, akasema, "Mwalimu, hili ni bani lisilotaka kuni." Ndivyo lilivyo. Maji ya chini hukutana na mawe yaliyochemshwa na moto wa ardhini. Visima huchimbwa kilometa moja hadi tatu, mvuke ukapanda kwa mabomba na kuzungusha mitambo. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza mwaka 1981. Leo karibu nusu ya umeme wa Kenya hutoka katika joto hilo.

Hapo akauliza swali ambalo vitabu vya jiografia haviulizi: "Na waliokuwa wakikaa hapa wako wapi?"

Wapo. Ili kupisha mtambo wa Olkaria IV, vijiji vinne vya Wamasai vilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa mahali panapoitwa RAPland. Walilalamika. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia likachunguza, na mwaka 2015 likaona kwamba taratibu za benki hiyo zilikiukwa. Mwaka uliofuata wakafikia makubaliano kwa usuluhishi. Swali lile lilitoka kwa mwanamke wa ukanda wa dhahabu, anayejua kinachompata mkulima pale utajiri unapogunduliwa chini ya shamba lake. Angeliulizia wapi kama angebaki nyumbani analinda kuku?

Ndiyo maana sikubali kutembea kuitwe anasa. Chuoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi hutolewa kwenye anachokijua kupelekwa kwenye asichokijua. Bani ni anachokijua. Olkaria ndiko asikokujua. Lakini mtoto wa Ushetu huchora Bonde la Ufa kwa chaki, akalifaulia mtihani, akazeeka bila kuliona, na hukoseshwa na wazazi walewale wanaoniambia Kenya ni mbali na nina fedha za kuchezea. Haya, Kenya ni mbali. Chemchemi za maji moto zipo Songwe, zipo kando ya Ziwa Manyara, nchini mwetu. Kamati ya shule inayoweza kuchangisha fedha za pilau, maspika na sare za mahafali isiniambie kwamba nauli ya basi moja kwenda Mto wa Mbu imeshindikana.