Tusimwite Dokta Kabla ya Wakati



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi wa Nachingwea na Ruangwa, kila mwaka katika jarida hili huwa tunawapongeza vijana waliopata vyuo. Safari hii tunataka kuzungumza juu ya wale ambao wameshaondoka, hasa waliokwenda nje ya nchi kusomea udaktari, na juu yetu sisi tunaobaki tukiwasubiri.

Kuna kijana aliyesoma hapa madrasa, kisha mwaka 2017 akaenda China kusomea udaktari. Siku ile ile ya kumuaga tulianza kumwita Dokta. Bibi yake alimwita Dokta, wenzake msikitini walimwita Dokta, na sisi walimu tulikuwa mstari wa mbele. Mwaka wa pili alifeli anatomia, akapewa sapu, akafeli na sapu, akatakiwa arudie mwaka. Hakumwambia mtu. Kila Ijumaa akipiga simu nyumbani alijibu kwamba masomo yanakwenda vizuri, alhamdulillah. Kumbe siku hizo usingizi haumjii, chakula hakipiti, na akifungua kitabu moyo unamwenda mbio mpaka maneno hayaingii kichwani.

Kilichomfunga mdomo ni korosho. Kwetu fedha huonekana baada ya minada ya RUNALI, kuanzia Oktoba, na vyuo vya China hufungua Septemba, kwa hiyo ada hukopwa kwanza. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnada, serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wengi walikaa miezi wakisubiri malipo. Baba yake alikuwa mmoja wao, na mwenye deni hakusubiri. Mzee akauza ekari mbili za mikorosho. Mtoto alilijua hilo. Aliingia katika chumba cha mtihani, karatasi inauliza mishipa ya mkono, yeye anahesabu mikorosho iliyokwenda.

Mara moja tu alijaribu kutudokeza kwa simu: "Ustadhi, naona moyo mzito." Tukamjibu haraka haraka kwamba imani imepungua, aongeze dua. Hilo lilikuwa kosa letu, tunalisema hapa wazi. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na nani atasema imani yake ilipungua? Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimuomba Allah (S.W.) amkinge na wasiwasi na huzuni. Maana yake ni mambo yanayompata Muislamu, tena mwema. Dua hatuiachi. Lakini mtu asiyelala siku kumi anahitaji pia kulala, kula na kusikilizwa, na hali ikizidi amuone daktari au mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Si aibu kwa anayesomea kutibu wengine naye kutibiwa.

Na kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kujipunja, kwa sababu usingizi ndio unaokifanya kilichosomwa kikae. Wanafunzi wetu wa hifdhi wanalijua vizuri: aya ulizozirudia jioni ukalala, alfajiri zinakuja laini, ukikesha nazo, zinakimbia.

Siri yenyewe ilitoka kwa njia ya ajabu. Januari 2020 alikuja likizo, korona ikafunga mipaka ya China, na wanafunzi wa kigeni hawakuanza kurudi kwa wingi mpaka 2022. Ikabidi asome kwa intaneti humu humu Nachingwea. Kipindi cha saa mbili asubuhi kule ni saa tisa usiku huku. Mzee akawa anaamka kwa tahajjud anamkuta kijana kainamia simu. Usiku mmoja alimuuliza yuko mwaka wa ngapi. Kijana akashindwa kudanganya uso kwa uso, akalia. Mzee akasema, "Mwanangu, kumbe ni hilo tu? Mikorosho nitapanda mingine." Toka siku hiyo alimpikia chai kila saa tisa.

Wengine mtihani wao ulikuwa mkubwa zaidi. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, na Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, wakarejeshwa nchini mwezi huo huo wakiwa wameacha masomo njiani. Aliyerudi namna hiyo ukimuuliza "unamaliza lini?" unamchoma kidonda.

Kwa hiyo, wazazi wetu, kabla kijana hajapanda basi mwambieni maneno haya: ukifeli, tuambie sisi wa kwanza. Na jina la Dokta liwekeni kabatini mpaka alipate. Nanyi wanafunzi, mkimpigia ndugu yenu aliye ugenini, si lazima swali la kwanza liwe matokeo.

Kijana wetu alimaliza 2024. Aliporudi alikuta bado kuna mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuanza utarajali. Wiki ile alikuja madrasa baada ya Isha, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Ustadhi, naogopa." Tulimuuliza kwanza kama amekula.

Wabillahi tawfiq.