Tumengoja Madawati, Mtoto Amekwenda Mwaloni



Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu juu ya ugonjwa ambao sisi walimu, na nadhani hata wafanyakazi wengine, tumeuzoea mpaka tunauona kuwa ni sehemu ya kazi. Ni ugonjwa wa ngoja ngoja. Kazi ipo, mwenye kuifanya yupo, mshahara unalipwa, lakini kazi haianzi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwasema wenzangu nikajiacha. Mwaka jana mwezi Januari nilikabidhiwa darasa la nne katika shule ya kijijini ninakofundisha. Wiki ya kwanza tu niligundua kwamba watoto 11 hawawezi kusoma hata sentensi moja ya kitabu cha darasa la pili. Nikaazimia kuwafundisha kusoma kila siku baada ya masomo. Niliandika mpango mzuri sana, wenye malengo, ratiba na hata safu ya maoni. Mpango ule ukalala mezani. Kwanza nilingoja madawati. Kisha nikangoja vitabu, kisha kikao cha wazazi, kisha mvua za masika zipungue. Kila Ijumaa nilijiambia Jumatatu, na kila Jumatatu niliona wiki imekwisha kuharibika. Mara ikawa Juni.

Wala sikuwa mvivu. Katika miezi hiyo nilisahihisha madaftari, nikapanga kabati la ofisi, nikachora ramani ya Afrika ukutani mpaka wageni wakaisifu. Nilifanya kila kazi isipokuwa ile moja. Ukweli ni kwamba niliogopa. Chuoni nilifundishwa kuandaa somo na zana zake, lakini mtoto wa miaka 10 asiyeijua silabi moja, anayekukodolea macho, alinitia hofu. Nikianza huenda nikashindwa mbele yake. Mpango ukiwa bado mezani, nani atasema nimeshindwa? Naamini wengi tunaowaita wavivu maofisini ni waoga wa namna hii hii.

Mwezi Julai mmoja wa wale 11 aliacha shule. Nilimkuta Mwaloni, Kirumba, akibeba magunia ya dagaa. Magunia yale yalikuwa yameandikwa majina ya wenyewe kwa kalamu nene ya wino. Yeye aliyatambua kwa rangi ya kamba iliyoshonea mdomo. Siku hiyo kamba mbili zilifanana, akapeleka gunia kwenye lori lisilo lake, na mwenye mali alikuwa akimgombeza mbele ya watu. Mtoto aliponiona akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," kisha akainama tena. Jina lile kwenye gunia mimi nilikuwa nimekwisha kulisoma kabla sijaitikia.

Jioni nilimsimulia jirani yangu hapa Pasiansi, mzee aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Wazee wa huku wanakumbuka mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO kati ya 1968 na 1972, ambao makao yake yalikuwa Mwanza. Vitabu vyake vilihusu mambo ya wasomaji wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Lakini mzee alinieleza kwamba kwao hawakungoja vitabu vifike. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza shule ya msingi, na herufi ziliandikwa kwa mkaa juu ya mlango wa ghala. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wamebaki asilimia 39.

Hata elimu ya watoto haikusubiri kila kitu kitimie. Mpango wa awali ulikuwa kwamba kila mtoto apate nafasi ya shule ifikapo 1989. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kazi hiyo ikamilike ifikapo Novemba 1977. Madarasa hayakuwapo, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini, nusu wakisoma na nusu wakifundisha. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974 walizidi milioni 3 mwaka 1980.

Najua wapo watakaosema ubora ulishuka. Ni kweli ulishuka. Mimi mwenyewe nimefundishwa na mmoja wa walimu hao wa UPE, na hesabu za sehemu zilimsumbua kuliko zilivyotusumbua sisi. Lakini kusoma alinifundisha yeye. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 mwaka 1974, kama angengojeshwa mpaka 1989, angefika mlango wa shule akiwa na miaka 22.

Sisemi kwamba kila kungoja ni kubaya. Mkulima wa pamba hungoja mvua, lakini huingoja shamba likiwa limekwisha kulimwa. Sisi tunangoja mvua na jembe bado liko darini.

Nilianza siku ya Jumanne, chini ya mwembe, na watoto 10 waliobaki. Hapakuwa na dawati wala kitabu; tuliandika ardhini kwa vijiti. Nilijiwekea dakika 20 tu, kwa kuwa saa nzima ilikuwa ikinitisha hata kuifikiria. Siku ya kwanza ilikuwa mbaya: wawili walitoroka, nami nilichanganya silabi nyingi mno. Siku ya pili hofu ilikuwa imepungua nusu. Ilipofika Novemba watoto 6 walikuwa wakisoma. Wanne bado, na tunaendelea nao.

Ombi langu kwa wanaokuja kutukagua ni dogo. Wakifika shuleni wasianze kwa kuomba kuona mpango, maana mipango tunayo ya kutosha. Watuulize, "Mmeanza lini?" na wawaite watoto wasome mbele yao.

Yule wa Mwaloni bado sijafaulu kumrudisha darasani. Nimekwenda kwa mama yake mara tatu na kwa mwenyekiti mara moja, na nitakwenda tena. Kwa sasa namfuata hukohuko Jumamosi. Nimemwandikia majina 6 ya wenye magunia kwenye kipande cha boksi. Jumamosi iliyopita alisoma manne.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Pasiansi, Mwanza.