Televizyo kubwa kwa feza kidogo: mununuzi ana haki ya kujua anacholipia

Katika maduka ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, televizyo pana ingali inaitwa «plasma». Lakini televizyo za plasma za kweli ziliacha kutengenezwa tangu karibu mwaka 2014. Zile zinazouzwa leo ni za namna ingine, zenye taa ndogo za LED nyuma ya kioo. Jina hilo la zamani halimuumizi mutu. Linaonyesha tu kwamba katika biashara hii, neno la muuzaji na kitu kilicho ndani ya kartoni ni mambo mawili. Kwa mutu anayenunua kwa feza ya likelemba, tofauti hiyo inaweza kumupotezea akiba ya mwaka muzima.

Hakuna sababu ya kumucheka mutu wa kipato kidogo anayetaka kioo kikubwa. Tarehe 7 Februari 2024, mbele ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Léopards walifunika midomo kwa mukono mumoja na kuelekeza vidole viwili kichwani, mufano wa bunduki, ili dunia iangalie mauaji ya mashariki mwa Congo. Jambo kama hilo watu wanataka kuliona wakiwa pamoja, wazee, watoto na majirani katika chumba kimoja. Televizyo katika nyumba si majivuno tu. Kwa hiyo ulizo si kama inafaa kuinunua. Ulizo ni namna ya kuinunua bila kutapeliwa na bila kugusa feza ya masomo ya watoto.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Wauzaji wanahesabu kwa pusi, na pusi moja ni sentimita 2,54, ikipimwa toka kona moja ya kioo hadi kona ya upande mwingine. Pusi 32 ni karibu sentimita 81, pusi 43 ni sentimita 109, pusi 55 ni karibu sentimita 140. Katika chumba ambamo viti viko metre mbili ao mbili na nusu toka ukuta, pusi 43 inatosha vizuri. Mutu mwenye feza kidogo anayekazana kupata pusi 55 mara nyingi anaangukia kwenye marke isiyojulikana, yenye kioo zaifu na isiyo na vipuri hapa. Kwa feza ile ile angeweza kupata pusi 43 ambayo fundi wa mutaa anaijua.

Jambo la pili ni maandishi ya kwenye kartoni. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160. Full HD ni 1920 kwa 1080, na HD ya kawaida mara nyingi ni 1366 kwa 768. Kuna kartoni zenye kuandikwa «4K» kwa herufi kubwa, kumbe televizyo inaweza tu kupokea picha za 4K, lakini kioo chake kinazionyesha kwa nukta kidogo zaidi. Njia ya kuhakikisha ni rahisi: kusoma nambari ya modeli kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya televizyo yenyewe, kisha kuitafuta kwenye telefoni mbele ya kulipa. Tena, chaneli nyingi za dekoda hazitumwi kwa 4K. Kwa jamaa inayoangalia habari na mupira, Full HD ya kweli ina samani kuliko 4K ya jina.

Jambo la tatu, ambalo wauzaji hawalitaji hata kidogo, ni umeme. Hapa kura inakatika, inarudi kwa nguvu, inashuka tena wakati wa mangaribi, pale kila nyumba inapopika. Televizyo nyingi hazifi kwa uzee, zinakufa siku umeme unaporudi. Kwa hiyo bei ya televizyo si ile ya kartoni peke yake. Inafaa kuongeza kifaa cha kutuliza umeme, kile watu wanaita stabilizateri, na kukitenga katika hesabu toka mwanzo. Karatasi ya nyuma inasaidia pia: televizyo yenye kuandikwa 100–240 V inavumilia umeme wenye kushuka kuliko ile ya 220–240 V.

Hesabu ya matumizi nayo si ndogo. Televizyo ya pusi 43 yenye kutumia wati 70, ikiwaka saa 6 kila siku, inakula karibu kilowati-saa 12,6 kwa mwezi. Ile ya pusi 55 yenye wati 120 inakula 21,6. Kwa jamaa inayotumia umeme wa jua, tofauti inaonekana usiku ule ule. Batri ya kawaida ya 12 V na 100 Ah, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, inatoa karibu wati-saa 600. Televizyo ya kwanza inaomba 420 kwa saa hizo sita, ya pili inaomba 720. Ile kubwa itazimika mbele ya mwisho wa mechi, ao itaua batri. Na anayenunua «smart» ili aangalie video za intaneti ajue kwamba saa moja ya video nzuri inaweza kula giga 1 hadi 3.

Kuhusu okazyo ya Ulaya, inaweza kuwa bora kuliko mupya wa bei ya chini, lakini kwa sharti moja: iwashwe dukani kwa nusu saa, ionyeshe picha nyeupe nzima na nyeusi nzima, ili madoa, mistari na taa zilizokufa vionekane. Kioo kikipasuka, bei ya kukibadilisha inakaribia bei ya televizyo ingine.

Wafanyabiashara wana neno lao, na ni la kweli: barabara ni mbaya, kodi ni nyingi, na kioo kinaweza kupasuka toka Mombasa hadi Kasindi bila mutu kujua. Wanaogopa kwamba kartoni ikifunguliwa, mununuzi wa pili ataikataa. Lakini muzigo huo hauwezi kutupiwa mutu wa mwisho, yule mwenye feza kidogo kuliko wote. Muuzaji anayekataa kuwasha televizyo mbele ya mununuzi anamuuzia bahati nasibu.

Mambo mawili yanaweza kufanyika bila kungoja sheria mupya. Mashirika ya wafanyabiashara yanaweza kukubaliana kwamba kila fakture iandikwe modeli, ukubwa wa kweli, nukta za kioo na siku za garanti. Nayo OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia katika inchi, inafaa kuangalia si idadi ya kartoni tu, bali pia kama maandishi ya inje yanalingana na kioo cha ndani. Mununuzi naye ana silaha yake: kuondoka. Duka ambalo halikubali kuwasha, kuandika na kutia sahihi halistahili feza ya likelemba.

Jamaa itakayotoka sokoni na pusi 43 ya kweli, stabilizateri na fakture iliyojaa, haikushindwa. Mwaka kesho, umeme ukikatika na kurudi, televizyo yake itawaka tena.