Roboti haikuharibiwa na yule binti

Wengi wenu mlikuwepo ile Jumamosi roboti ya wanafunzi ilipokataa kutembea mbele yenu. Mlikuwa mmetoa zamu nzima ya likelemba ili tununue magurudumu, mota na batri. Mkavaa vikwembe vya sikukuu, mkakaa, na kigari kikabaki sakafuni kama jiwe. Taa yake ndogo ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Ule mutoto njo aliharibisha." Aliyesemwa ni binti wa mwaka wa nane, aliyekuwa wa mwisho kuishika. Sisi walimu tulisikia, tukanyamaza, maana wakati ule hata sisi hatukujua kilichotokea.

Sasa tunajua. Roboti ilikuwa nzima. Ilikuwa inatafuta rezo.

Tueleze kwanza jambo ambalo linachanganya watu wengi: rezo na mega si kitu kimoja. Ndani ya kigari kuna kadi ya elektroniki, upana wa vidole viwili, inayosikilizana na telefone kwa wifi. Mtu anagusa mshale kwenye telefone, amri inapita hewani, magurudumu yanageuka. Amri hiyo haifiki Kinshasa, inavuka chumba tu. Kwa hiyo haili mega hata moja. Ni kama kumwita mtoto aliye uani: hulipi franka, lakini sharti atambue sauti yako.

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Wanafunzi waliandika ndani ya kadi jina la wifi ya telefone yetu na neno lake la siri. Siku mbili kabla ya mkutano telefone hiyo ilianguka majini, tukanunua nyingine, hatukumwambia mtu. Roboti ikafika mbele yenu ikimtafuta mtu aliyekwisha hama. Ile taa ndiyo ilikuwa inasema hivyo, lakini sisi tuliotakiwa kuisoma tulikuwa tunaangalia magurudumu.

Jumatatu tulianza kutafuta. Tuliipa telefone mpya jina lile la zamani, bado hakuna kitu. Kumbe tuliandika neno la siri kwa herufi kubwa mwanzoni, na kwa mashine herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Tukarekebisha, bado. Kijana mmoja akagundua kwamba telefone mpya inatoa wifi ya gigahezi 5, na kadi yetu inasikia ya 2.4 peke yake. Ni sawa na redio: kituo kiko hewani, lakini wewe umefungua mawimbi mengine. Tukabadilisha kwenye telefone, na taa ikatulia. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Furaha ilidumu dakika chache. Kesho yake taa ilitulia vizuri, lakini mishale haikufanya kazi. Telefone inayogawa rezo inapatia kila mgeni namba, kama namba ya nyumba, na siku nyingine inaweza kumpa namba nyingine. Sisi tulikuwa tunabisha hodi nyumba ya jana.

Batri nayo ilitusumbua. Mota zikianza kuzunguka zinavuta umeme mwingi kwa ghafla, kadi inakosa nguvu, inazimika na kuanza upya, na rezo inakatika. Mtu akiangalia ataapa kwamba wifi ni mbovu. Tuliipa kadi batri yake peke yake, waya mweusi wa pande zote mbili ukabaki umeungana, ikaisha. (Batri nyingi za lithiamu zina kobalti ndani. Watoto wanaokulia karibu na mabaki ya Kingamyambo walishangaa kwamba jiwe la kwao linaweza kurudi nyumbani likiwa ndani ya mchezo.)

Mwishoni tuligeuza mpango. Sasa roboti yenyewe inatoa wifi, telefone ndiyo inakuja kwake, na namba ni ileile siku zote: 192.168.4.1. Hata tukibadilisha telefone mara tano, haijali. Jambo moja tu: telefone ikiona wifi isiyo na intaneti inaweza kurudi kimyakimya kwenye mega zake, na mishale inakufa tena. Kabla ya kuanza tunafunga mega. Binti zenu wanajua, waulizeni.

Kuna mama mmoja aliyeuliza mchezo huu utawafikisha wapi wasichana. Roboti zilizowekwa kwenye njia panda za Kinshasa mwaka 2013 kuongoza magari, zenye kamera za kupeleka picha kwa polisi, zilibuniwa na mwanamke mwenzetu Mkongomani, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na shirika lake la wanawake. Hizo zilisimama mahali pamoja. Zinazotembea zilionekana kwa jirani zetu wa Rwanda mwezi wa tano 2020: roboti 5 zilipelekwa kupima joto la watu na kuwapelekea wagonjwa wa korona dawa na chakula, ili wauguzi wasikaribie kila mara. Kwa roboti ya namna hiyo, kukatika kwa rezo kati ya chumba na chumba si jambo la kucheka. Mtu lazima ajue pa kuangalia kwanza.

Yule binti hakuwepo siku taa ilipotulia. Tangu ile Jumamosi anakuja masomo, lakini saa ya roboti anapita mbali. Tulikwenda kwao, tukaomba msamaha mbele ya mama yake na bibi yake, tukaeleza habari ya telefone iliyoanguka majini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na wale waliosema jina la mtoto wangu mbele ya watu, mumewaambia?"

Hatukuwa tumewaambia. Ndiyo sababu tumeandika haya.